Kuombea Mvua Chini ya Ziwa

Uani kwa Bi. Ofelia Barragán,
Barabara ya Bwawa la Callahan,
karibu na Porterville,
California.

26 Machi 2023

Mpendwa wifi yangu Marlys,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko, miguu juu ya kigoda kama daktari alivyokuamuru, wala si juu ya ngazi ukikwangua theluji paani. Nakujua. Nyonga inaendeleaje? Na shemeji Arvid, kifua kimemwachia? Tulisikia redioni kwamba huko Minnesota theluji imegoma kuondoka mwaka huu. Nikamwambia Lyle, dada yako sasa hivi anatoka nje kwa kupitia dirishani.

Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Kaka yako anakula, analala, analalamika kwamba chumvi ni kidogo, na mimi hayo yote nayapokea kama habari njema. Mkono wa kulia bado umelala tangu kile kiharusi cha Oktoba. Mguu umeamka, anatembea na fimbo. Maneno yanakuja, ila yanakuja moja moja, kama watu wazee wanaoshuka kwenye basi. Tunayasubiri.

Asante sana kwa kifurushi cha Krismasi. Zile chapati zako za viazi zilifika vipande vipande, na Lyle alikula mpaka makombo, akayafuata kwa kidole kwenye karatasi. Soksi nazivaa hata sasa ninapoandika.

Najua unangoja jibu, wifi. Uliniandikia tuuze gari-nyumba letu, tuje kukaa kwenu, na kwamba chumba cha chini umeshakipaka rangi. Ukasema safari za Lyle zimefika mwisho na tusijidanganye. Nimekaa kimya tangu Krismasi, na huenda umedhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilinyamaza kwa sababu niliona unasema kweli.

Hata mnunuzi nilimtafuta, bwana mmoja wa Fresno, mtu mwenye adabu. Akaahidi kuja kumwona Kobe wetu. (Unakumbuka ni Lyle aliyempa hilo jina, kwa kuwa anabeba nyumba mgongoni na hajawahi kumpita mtu barabarani.) Nikamweleza Lyle. Tangu siku ile, kila asubuhi alichukua kitambaa kwa mkono wa kushoto akatoka kumsugua Kobe vioo na taa, polepole, kama mtu anayemwogesha ng'ombe wa kuuzwa. Nilikuwa namtazama kupitia dirisha la jikoni huku nikiosha vyombo vilivyokwisha kuwa safi.

Basi nikueleze yaliyotokea, kisha useme mwenyewe kama akili yangu bado i mahali pake.

Unajua kila majira ya baridi huwa tunaegesha hapa Callahan. Miaka hii ya ukame bwawa lilinywea mpaka ukasikia huruma. Kambi ya juu walifunga mabomba, kwa hiyo askari wa bwawa wakaturuhusu tushuke tukae chini, pale palipokuwa maji zamani. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Mwaka hadi mwaka maji yalizidi kurudi nyuma, na sisi tukayafuata, maana mwenye gari-nyumba lazima aegeshe pua ikitazama maji, la sivyo anajiona kama amelala kituo cha mafuta. Mwishowe tulikuwa chini kabisa. Ile njia ya saruji ya kuteremshia boti ilikuwa mbali juu yetu, imeishia kwenye udongo mkavu. Kamba yangu ya nguo niliifunga kwenye kisiki ambacho zamani samaki walikuwa wakikizunguka.

Jumapili tulikuwa tunakusanyika chini ya turubai la Mchungaji Alton. Huyu ni mzee wa Bakersfield aliyestaafu, mjane, naye ana gari-nyumba lake la zamani lenye sauti ya trekta. Tulikuwa tunaimba, kisha tunaomba mvua. Tuliiomba kwa machozi, Marlys, maana tulikuwa tunayaona mateso ya watu. Bi. Ofelia, mama mwenye michungwa kando ya barabara, kisima chake kilikauka kabisa. Tulikuwa tunajaza matangi ya magari yetu mjini kwa zamu na kumpelekea, apate ya kupikia na kuoga wajukuu. Miti yake ilikuwa imekunja majani kama watu wenye homa.

Mvua ikaja. Januari tulitoka nje na sufuria na mabakuli tukiimba, watu wazima tumelowa chapachapa, na Lyle kwenye kiti chake mlangoni akipiga fimbo sakafuni. Maji ya bwawa yalianza kusogea, lakini yalikuwa bado mbali. Wengine walipanda juu kidogo. Sisi hatukupanda, kwa sababu Kobe hakuwa na dereva. Kiharusi kilimpata Lyle tukiwa tumeshaegesha. Wenzetu walijitolea kumsogeza, Lyle akatikisa kichwa kila mara, na mimi nikasema basi, mnunuzi anakuja, atamwondoa mwenyewe.

Utaniuliza, na wewe Rhonda? Mimi gari dogo naendesha vizuri. Lakini Kobe, wifi, sikuwahi hata kumtoa kwenye maegesho. Tangu tumnunue, usukani ni wa Lyle na nyuma ni kwangu. Ukipita kambi yoyote ya watu wetu saa za jioni utaona hivyo: mume yuko ndani anarudi rivasi, mke yuko nyuma anapunga mikono, na ndoa inapimwa mbele ya watu. Majirani huwa wanatoa viti nje kabisa waje kutazama.

Mimi nilikuwa na ishara zangu. Kiganja kikizunguka kushoto, peleka mkia kushoto. Ngumi, simama. Nikijipigapiga utosini taratibu, punguza hasira, uko sawa. Na mkono kifuani maana yake umefika, mpenzi, zima. Na kila mwaka, kila kambi, kaka yako alikuwa anatoa kichwa dirishani na kupiga kelele watu wote wasikie: "Rhonda! Hizo ni ishara au unafukuza nyuki?" Watu wanacheka. Kisha anaegesha anavyotaka mwenyewe, na kushuka akiniambia hakuelewa hata moja.

Sasa Machi hii ikaja ile mvua ya joto, ikanyeshea theluji ya milimani, na yote mawili yakateremka pamoja. Alhamisi tarehe tisa nililipandisha gari dogo juu kwa tahadhari tu. Ijumaa asubuhi tulikuwa tunakunywa uji wa shayiri, nikasikia askari wa bwawa anapita na kipaza sauti: "Jamani, si mazoezi haya! Pandeni juu sasa hivi! Maji yanakuja!"

Nilifungua mlango. Pale palipokuwa na kamba yangu ya nguo palikuwa na maji ya rangi ya kahawa, na moja ya soksi zako imening'inia kambani juu yake. (Ile nyingine ninayo. Hizi nilizovaa ni zile za bluu.)

Mchungaji Alton akaja mbio akiwa na viatu vya chumbani. "Dada Rhonda, ngoja nipandishe langu, nakuja kumtoa Kobe. Usiguse kitu!" Akageuka kutazama maji, akashika kiuno. "Miaka yote hii tunaomba mvua, na hakuna hata mmoja aliyetoa gari humu bwawani. Tumeiomba tumekaa ndani ya ndoo!" Akaondoka akicheka peke yake kama mwendawazimu, na kwa kweli nami nilicheka, kisha nikaacha.

Alipanda salama. Lakini alipotaka kushuka kwa miguu, askari wa bwawa walimzuia. Hakuna anayeshuka tena, walisema, ni kupanda tu. Yule askari wa kipaza sauti, binti mdogo tu, alitufikia akiwa amelowa. "Mama, liacheni hilo gari. Mshike baba mkono mpande kwa miguu. Gari litapatikana lingine."

Nitakueleza neno ambalo sijamwambia mtu. Moyo wangu ulipumua. Nilijisemea, basi, Mungu ameamua mwenyewe, sitalazimika kuwa mimi niliyeliuza gari la Lyle. Nikachukua Biblia, dawa zake na picha ya mama yenu. Nikageuka kumshika mkono. Lyle hayupo.

Alikuwa amevaa koti lake la mvua la manjano, upande mmoja umeingia na mwingine unaning'inia, amepita kando ya Kobe mpaka nyuma. Amesimama kwenye matope mahali pangu. Mahali nilipokuwa nikisimama mimi siku zote.

"Lyle, rudi hapa! Utaanguka!"

"Nani..." Nikasubiri neno lishuke. "Nani atakuongoza?"

"Siwezi, Lyle! Sijawahi!"

"Panda."

Yule askari akatazama maji, akanitazama mimi. "Mama, kama unakwenda, nenda sasa. Yakifika kwenye lile jiwe jeupe, nawatoa wote wawili kwa nguvu."

Nikapanda. Kiti chake kilikuwa mbali sana na kanyagio, sikujua hata kinasogezwaje, nikakaa ukingoni kama mtoto. Mbele ya kioo palikuwa na maji matupu, maana si tulitaka kutazama maji. Njia pekee ilikuwa kurudi nyuma, kwa rivasi, mwendo wote ule wa matope mpaka kwenye saruji. Nikafumba macho nikaanza, Baba yetu uliye mbinguni. Nikasikia fimbo inagonga ubavu wa Kobe, paa, paa.

"Omba," Lyle akasema, "macho wazi."

Nikafumbua. Nikatazama kioo cha pembeni alichokisugua kila asubuhi. Kilikuwa safi, wifi, hata kwenye mvua ile. Na ndani yake alikuwa Lyle, fimbo ameiegemeza kwapani, mkono wa kushoto juu. Kiganja kikazunguka. Peleka mkia kushoto.

Ilikuwa ishara yangu. Si mfano wake, ile ile, na kile kidole kidogo ninachokinyanyua bila kujua. Nikapeleka mkia kushoto. Ngumi. Nikasimama. Kiganja tena. Gurudumu likazunguka bure kwenye matope, nikapiga yowe, naye akajipigapiga utosini taratibu. Punguza hasira, uko sawa. Zote alikuwa nazo, Marlys. Yule mtu aliyeniambia miaka yote kwamba haelewi hata moja alikuwa amezihifadhi zote kichwani, na mafuriko ya kile kiharusi yalipochukua maneno, hizo hayakuzichukua.

Sikufunga kabati. Maharage ya kopo yalikuwa yanapita kichwani mwangu kama ndege. Ngazi ya mlangoni nilisahau kuikunja, ikajikita kwenye mwamba ikang'oka na sauti ya kutisha, Lyle akapunga tu, twende, twende. Turubai la kivuli la ubavuni mwa Kobe nalo likachanika. Machozi yalikuwa yananitoka na mvua ilikuwa inaingia dirishani, na sijui kilichonipata, nilitoa kichwa nje nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Lyle Haugen! Hizo ni ishara au unafukuza nyuki?"

Akacheka. Wifi, tangu Oktoba sikuwa nimesikia kicheko chake, nilidhani nacho kimekwenda. Kilitoka kizima, hakikuja moja moja. Alicheka mpaka askari akaja kumshika asianguke, na bado mkono wa kushoto ulikuwa juu unaniambia njoo, njoo, njoo. Magurudumu ya nyuma yakagusa saruji, nikayasikia yanashika. Tukapanda hivyo mpaka juu, yeye anarudi kinyumenyume akiwa ameshikwa na yule binti, mimi namfuata kwenye kioo. Juu kabisa watu wetu walikuwa wamesimama kwenye mvua, na nakuapia kuna aliyekuwa ametoa kiti.

Akaweka mkono kifuani. Nikazima.

Nimekuwa nikimwomba Mungu mkono wa kulia wa Lyle tangu siku ile ya hospitali, kila usiku, kwa jina. Bado naomba. Lakini siku hiyo nilipewa wa kushoto, na ulitosha.

Kiti chake cha kukunja tulikisahau. Tulikiona kinaelea kuelekea katikati. Nikasema pole, Lyle akakitazama, akasema, "Kiache. Kivue samaki." Sasa mahali tulipokaa pako chini ya maji mengi, na boti zitapita juu ya jiko langu la mkaa.

Bi. Ofelia alikuja juu na gari lake la kubebea machungwa akatuambia, "Mliniletea maji, sasa leteni na magurudumu." Kwa hiyo tuko uani kwake, sisi na Mchungaji Alton. Kisima bado hakijajaa, wanasema cha namna ile huchukua muda, ila michungwa imekunjua majani, na mtaro wa nyuma unapita maji mchana kutwa. Anatulisha tamale, zile za unga wa mahindi na nyama ndani, mpaka Lyle amesahau habari za chumvi.

Mnunuzi alikuja Jumamosi iliyofuata kama alivyoahidi. Nilimpa kahawa, nikamwambia hatuuzi tena, nikamwomba radhi kwa safari yake. Aliangalia mlango usio na ngazi na turubai lililochanika, akasema anaelewa. Nadhani alifurahi. Lyle alikuwa amekaa anamenya chungwa kwa mkono mmoja, hakugeuka, lakini aliacha kumenya mpaka nilipomaliza kusema. Kisha akaniwekea nusu kwenye sahani.

Sasa mipango, na hapa ndipo ninapokuomba usikasirike. Tunakuja, wifi. Tunakuja na Kobe, na ninaendesha mimi. Njia za juu ya milima zimefungwa kwa theluji na hata zikifunguliwa sizitaki. Tutazunguka kusini kwa Barstow na Flagstaff, kisha tupande taratibu. Mchungaji Alton ananifundisha katika uwanja wa kanisa siku za kazi. Hana huruma hata kidogo. Juzi aliniambia, "Dada, hiyo ni kona, si jeneza, huna haja ya kuingia kwa huzuni hivyo." Atafuatana nasi mpaka Flagstaff, ana binti yake kule. Daktari ameruhusu, mradi tupumzike kila mchana, na hilo Kobe analijua kuliko mtu yeyote.

Chumba chako hatukikatai. Baridi ikija tutakikalia, na tutakushukuru, na Lyle ataendelea na matibabu huko kwenu kama ulivyosema. Ulisema kweli juu ya mengi. Ila aje kwenu kwa safari yake, asiletwe kama kifurushi. Nadhani wewe uliyemfundisha kuendesha baiskeli utanielewa kuliko mimi ninavyoeleza.

Naogopa, sitakuficha. Upepo wa tambarare naufikiria hata ninapokanda unga. Tuombee. Macho wazi.

Nisalimie shemeji Arvid, mwambie mlango wa Kobe usio na ngazi unamsubiri na nyundo yake. Nisalimie Kari na mtoto, mbusu mashavu yote mawili kwa niaba yetu. Nisalimie na mama Solveig wa kanisani aliyetufumia blanketi, lilikauka vizuri. Bi. Ofelia anakusalimu ingawa hamjuani, anasema mtu anayepaka rangi chumba cha mgonjwa ni ndugu yake.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, ailegeze theluji mlangoni kwenu, atutangulie njiani mpaka tuione nyumba yako.

Wako akupendaye, mke wa kaka yako na sasa dereva wake,

Rhonda

Lyle ameitaka kalamu. Anaandika kwa kushoto, uvumilie mwandiko:

MARLYS. LILE TAWI LA GETINI LILILOKWANGUA PAA LA KOBE MARA ILE. KATA. L.